Usiniambie nivute pumzi

Kuna ushauri mmoja ambao kila Mtanzania anaujua na yuko tayari kuutoa bure. Mtu akianza kuhema ovyo, akashika kifua, macho yakamtoka, basi wote waliomzunguka watapaza sauti: "Vuta pumzi! Vuta pumzi ndefu!" Huyu atampepea kwa kanga, yule atakimbilia kufungua madirisha, mwingine atauliza kama ana presha. Nia yao njema, sina ugomvi nao. Ila mimi nimeambiwa hivyo na konda, nimeambiwa na shemeji yangu, nimeambiwa na mwalimu mwenzangu wa Baiolojia ambaye kwa kazi yake alipaswa kujua zaidi, na kila nilipotii hali ilizidi kuwa mbaya.

Nafundisha Kemia katika sekondari moja ya bweni mkoani Morogoro. Wanafunzi wananiita Madam. Somo langu nalitaja makusudi, maana kilichokuwa kinanisumbua kilikuja kuonekana ni kemia tupu, ile ile ya asidi na besi ninayoiandika ubaoni kila mwaka. Pamoja na hayo kilinizungusha miezi kwa miezi kwenye vituo vya afya, maduka ya dawa na maombi kabla sijaelewa mwili wangu ulikuwa unafanya nini.

Chanzo chenyewe hakikuwa cha ajabu. Mdogo wangu wa kiume alikopa kwa wale wakopeshaji ambao mtaani mikopo yao inaitwa kausha damu, nami nikamdhamini. Biashara yake ya mitumba ikalala, akahamia mkoa mwingine, simu ikawa haipatikani. Nikabaki mimi. Meseji zikaanza kuingia alfajiri, saa za vipindi, usiku wa manane. Walijua ninapofundisha, walijua nyumba, walijua hata tarehe mshahara unapoingia. Usingizi ukakata. Chai ya rangi nikawa nakunywa kikombe juu ya kikombe ili nisisinzie darasani. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo hakuna aliyelitilia maanani: nilikuwa nashusha pumzi kila mara, zile pumzi ndefu za mtu aliyechoshwa na dunia. Mume wangu alifikiri namnung'unikia yeye. Jioni moja aliweka kijiko chini akaniuliza, "Mke wangu, nimekukosea nini?"

Balaa lenyewe lilinikuta ndani ya basi, nimetoka Msamvu naelekea Dar es Salaam, tunakaribia Chalinze. Simu ikatetemeka mkononi, nikasoma meseji, nikaizima. Baada ya muda mfupi nikahisi hewa haitoshi. Nikavuta. Haikutosha. Nikavuta kwa nguvu zaidi, kwa mdomo, mabega yanapanda, na bado naona pumzi haifiki chini, inaishia kooni. Midomo ikaanza kufa ganzi, kwanza pembeni, kisha yote. Ncha za vidole zikawa zinachomachoma. Moyo unadunda hadi nausikia masikioni. Halafu mikono ikaanza kufanya jambo ambalo sikuituma: vidole vinne vikanyooka na kubanana, kidole gumba kikajikunja kuelekea kiganjani, kifundo cha mkono kikapinda kwa ndani, vyote vikakakamaa hivyo hivyo. Nilijaribu kuikunjua ile mikono nikashindwa.

Mama aliyekaa siti ya pili alipoiona, akajisogeza dirishani. "Huyu ana kitu," akasema, na nusu ya basi wakaelewa ni kitu gani. Huko nyuma mtu akaanza kukemea kwa jina la Yesu. Konda akanimwagia maji ya chupa usoni na kuniambia, "Dada, vuta pumzi, vuta kabisa." Nikavuta kabisa. Macho yakaingia kiza.

Walinishusha kwenye kituo cha afya kilicho kando ya barabara. Tabibu alikuwa kijana, rika la wanafunzi wangu wa zamani, na hakuonyesha haraka yoyote. Akanibana kidole na kile kifaa kidogo chenye taa nyekundu ambacho wengi wetu tulikifahamu wakati wa UVIKO-19. Akapima presha, akasikiliza kifua mbele na nyuma, akatazama miguu kama imevimba, akauliza kama nina pumu, kama nina ujauzito, kama nina sukari. Halafu akanigeuzia kile kibanio nikisome mwenyewe. Kilikuwa kinasoma 99.

"Unaona hii? Ndiyo oksijeni iliyomo kwenye damu yako. Hewa unayo, mama, tena unavuta nyingi kuliko unavyohitaji."

Nilimchukia. Mtu anakata roho, halafu anaonyeshwa namba! Lakini mimi ni mtu wa vipimo, siwezi kubishana na kipimo muda mrefu. Akavuta stuli, akakaa mbele yangu, akasema nisivute kitu chochote kwanza, nitoe tu. Nipulize taratibu kama napoza chai, hadi pumzi iishe, halafu niiache ya kuingia ijiingilie yenyewe kwa pua. Alikuwa anapuliza pamoja na mimi, midomo ameichongoa, bila aibu. Haikuchukua hata robo saa, mikono ikalegea.

Nilichokuja kukisoma baadaye, na ambacho yule kijana alinieleza kwa kifupi, ni hiki. Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Mimi alinihesabia 34. Sasa, anayehema hivyo na mapafu yake ni mazima haongezi oksijeni ya maana, kwa sababu damu yake tangu mwanzo ilikuwa imebeba karibu yote inayoweza kubeba. Kinachobadilika ni hewa ukaa: inatoka nje kwa wingi mno. Vitabu vya shule ya msingi vinaiita taka, lakini mwili unaitunza kwa kiasi maalumu. Ikiyeyuka kwenye maji ya damu inatengeneza asidi ya kaboniki, na asidi hiyo ni mojawapo ya vitu vinavyoishikilia pH ya damu, yaani kipimo cha asidi na besi, kati ya 7.35 na 7.45. Ukiipuliza nje kwa kasi kuliko mwili unavyoitengeneza, asidi inapungua na damu inaegemea upande wa besi.

Yaliyobaki yanafuata yenyewe. Damu ikiegemea huko, sehemu ya kalsiamu iliyokuwa huru inanasa kwenye protini, na mishipa ya fahamu ikipungukiwa na kalsiamu huru inakuwa myepesi kushtuka. Ndiyo ganzi ya midomo, ndiyo mchomo wa vidole, ndiyo mikono iliyokakamaa hadi watu wakaona shetani. Mishipa ya damu ya ubongo nayo husinyaa hewa ukaa inaposhuka, damu inayofika kichwani inapungua, unapata kizunguzungu na unawaona watu kana kwamba wako mbali. Juu ya hayo, himoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, inaikumbatia oksijeni yake badala ya kuiachia kirahisi kwenye tishu, jambo ambalo Christian Bohr wa Denmaki na wenzake walilieleza mwaka 1904. Nilipokutana na jina hilo nilicheka peke yangu maabara. Huyo ni baba mzazi wa Niels Bohr, yule wa modeli ya atomu ninayemtaja darasani kila mwaka. Baba alishughulika na pumzi, mwana akashughulika na elektroni, na mimi nimewahitaji wote wawili.

Mwaka 1905 wanasayansi Haldane na Priestley huko Oxford walionyesha kwamba kinachouamuru mwili upumue, katika hali ya kawaida, ni hewa ukaa zaidi kuliko oksijeni. Ukiwa nayo nyingi, ubongo unakusukuma upumue. Ikishuka, msukumo unapungua. Kwa hesabu hiyo mtu aliyehema sana angepaswa kutulia mwenyewe, na mara nyingi angetulia, laiti hofu isingekuwa imeushika usukani. Na kuna kifua chenyewe. Mwenye hofu anavuta pumzi mpya kabla hajamaliza kutoa ya zamani, mapafu yanabaki yamejaa, na pumzi inayofuata haina pa kuingia. Ndiyo ile hisia ya hewa kuishia kooni. Misuli iliyo kati ya mbavu inachoka, inauma, na maumivu hayo unayasoma kuwa ni moyo. Anayekwambia uvute ndefu anakuongezea kwenye kilichojaa.

Baada ya lile basi jambo likageuka. Deni lilikuwa pale pale, ila sasa nilichokiogopa zaidi ni basi. Kisha nikaogopa foleni ya benki, kisha kikao cha walimu, kisha misa ya kwanza ya Jumapili kwa kuwa watu ni wengi. Kote nikawa naketi karibu na mlango. Mwanasaikolojia wa Uingereza David Clark aliuandika mzunguko huu mwaka 1986: mwili unatoa dalili ndogo, unaitafsiri kuwa ni kifo au wazimu, tafsiri inaleta hofu, hofu inaongeza dalili, na dalili inakuwa ushahidi mpya kwamba ulikuwa sahihi kuogopa. Unaweza kuuanza popote. Kwangu mimi hata kupanda ngazi za jengo la utawala kulitosha, maana moyo ukienda mbio kwa ngazi mimi nilisikia moyo wa basini.

Katika kuhangaika huko nilipewa kila aina ya tiba. Duka moja la dawa muuzaji alinifungia vidonge vya diazepamu, dawa ya kutuliza, kwenye bahasha ya khaki bila kuniuliza cheti. Nilivyomeza viwili nililala hadi nikapitiwa na kipindi cha kwanza. Daktari niliyemwona baadaye alinisimulia jinsi watu wanavyovizoea, wakavihitaji vingi zaidi kwa kazi ile ile, na jinsi kuviacha ghafla kunavyorudisha hofu mara mbili. Kuna dawa nyingine za hofu zinazotumika kwa utaratibu, kama fluoksetini, lakini hizo huchukua wiki kadhaa kufanya kazi na zinataka mtu wa kukufuatilia. Mimi sikufika huko. Wapo waliofika na zikawasaidia, na sioni aibu yake.

Shemeji yangu yeye aliona kwenye filamu mtu akipumulia mfuko, akaniletea mfuko wa khaki wa maandazi. Wazo lina mantiki, unairudisha hewa ukaa uliyoipoteza, na kwa miaka mingi hata hospitalini waliutumia. Sasa madaktari wengi hawaupendekezi, kwa sababu mfuko unapunguza pia oksijeni, na anayehema anaweza kuwa ana ugonjwa wa moyo au mapafu bila mtu kujua. Kumewahi kuripotiwa vifo kwa namna hiyo. Mfuko wa plastiki ndiyo kabisa usiguse. Nashukuru hata sokoni ilipigwa marufuku tangu Juni 2019.

Kilichonigeuza ni kikao kimoja na mtaalamu wa saikolojia wa hospitali niliyopewa rufaa, baada ya kupimwa moyo, damu na tezi ya shingo na kukutwa mzima. Alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye kalamu iliyofungwa kwa uzi shingoni. Nikadhani atanifundisha kutulia. Akasema, "Mwalimu, leo tutakileta hicho kitu hapa hapa ofisini." Akaniambia niheme haraka kwa mdomo, kwa makusudi, yeye ameangalia saa.

Nilikataa. Akasubiri. Nikaanza. Haikuisha hata dakika moja na nusu, midomo ikaanza ganzi. Vidole vikachomachoma. Kichwa chepesi, ukuta wa kijani ukasogea mbali. Vile vile kama kwenye basi, mpangilio ule ule, isipokuwa safari hii hakukuwa na meseji, hakukuwa na deni, hakukuwa na mtu wa kukemea. Akaniambia niache. Nikaacha, nikatoa pumzi pole pole, na dalili zikaondoka moja moja kwa mpangilio wa kinyume. Akaniuliza jambo moja tu: "Sasa nani aliyezileta?"

Sijui niseme nini zaidi ya kwamba nilitoka pale nimekasirika, kisha nikacheka njia nzima hadi stendi. Wanafunzi wangu huwa siwaamini hadi waone maji ya chokaa yakigeuka meupe kwa pumzi yao wenyewe, na mimi nilikuwa sijawahi kujifanyia jaribio. Jaribio hilo, lakini, lifanyike mbele ya mtaalamu. Mwenye pumu, kifafa, ugonjwa wa moyo au ujauzito asijaribu peke yake nyumbani.

Mazoezi aliyonipa hayana maajabu, na ugumu wake uko kwenye kuyafanya siku ambazo huna shida. Asubuhi kabla ya kuamsha watoto na usiku kabla ya kulala, nalala chali, mkono mmoja kifuani na mwingine tumboni. Wa kifuani usisogee sana, wa tumboni upande na kushuka. Naingiza kwa pua kwa hesabu ya nne, natoa kwa hesabu ya sita. Pumzi ya kuingia iwe ya kawaida, wala isiwe ndefu. Urefu wote uwe kwenye kutoa. Mwanzoni nilihisi njaa ya hewa, nikataka kuvunja hesabu na kushusha pumzi kubwa, naye alishanionya kwamba hiyo ndiyo dalili ya mwili uliozoea kiwango cha chini cha hewa ukaa. Mtu anayeshusha pumzi mchana kutwa anaishi ukingoni, kidogo tu kinamdondosha. Ukivumilia, ukameza mate badala ya kuvuta, ile njaa inapita. Nilipunguza chai kali. Nikajifunza pia kufundisha nikiwa nasitasita katikati ya sentensi, kwa sababu nusu ya kuhema kwangu kulitokana na kuongea vipindi vinne mfululizo huku nikidaka hewa kwa mdomo.

Siku shambulio linapokuja natoa kwanza. Napuliza hadi mwisho, nashusha mabega, naacha hewa iingie kwa pua, napuliza tena. Sipambani na ganzi wala sichunguzi mapigo ya moyo. Najiambia kalsiamu imehama kidogo, itarudi. Kwa kawaida kilele kinafika ndani ya dakika kumi hivi na baada ya hapo kinateremka, hata usipofanya kitu. Kujua hilo kumenisaidia kuliko hesabu zote, kwa sababu sasa nina kitu cha kusubiri. Basi sikuacha kupanda. Mtaalamu alinisisitizia hilo kwa ukali: nikianza kukwepa, dunia itanisinyaa hadi nibaki chumbani. Nilianza na daladala za vituo vichache, nikaja Mikese, kisha Chalinze, kisha Dar es Salaam yenyewe, nikiwa siti ya katikati.

Mama mdogo, anayeongoza Rozari kwenye jumuiya yetu, aliposikia habari za hesabu ya nne na sita alinitazama kwa huruma. "Mwanangu, hiyo umeenda kufundishwa na daktari? Njoo Jumamosi." Nikaenda. Yeye anasali polepole, hakimbizi, na Salamu Maria yake nzima anaimaliza kwa pumzi moja ya kutoa, sisi tunaitikia kwa nyingine. Kufikia fungu la pili pumzi yangu ilikuwa imeshuka bila kuhesabu chochote. Nilidhani ni upendeleo wangu kwa Mama mdogo, hadi nilipokuta kwamba mwaka 2001 watafiti wa Italia walichapisha katika jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, vipimo vya watu waliokuwa wakisali Rozari kwa Kilatini: pumzi zao zilishuka hadi karibu sita kwa dakika, na mapigo ya moyo yakafuata mwendo huo. Naamini anayesoma kaswida ndefu au anayeimba sauti ya nne kwenye kwaya anapata kitu cha jamii hiyo, kwa kuwa wote wanalazimika kutoa pumzi muda mrefu kuliko kuvuta. Mama mdogo nilipompa habari za watafiti alisema wangemuuliza yeye.

Sehemu ambayo elimu hii imenisaidia kuliko kwangu mwenyewe ni bwenini. Kila aliyefundisha shule ya wasichana anajua hali ninayoisema. Wiki ya mitihani, mmoja anaanguka, anahema, anapiga kelele, mikono imekakamaa. Kabla ya saa moja wameshaanguka wengine, na shule nzima inasema mapepo. Historia yetu ina tukio kubwa la jamii hiyo, lile la shule ya wasichana ya Kashasha, huko Kagera, lililoanza Januari 1962 kwa wasichana watatu kucheka bila kujizuia. Likawapata 95 kati ya wanafunzi 159, na Machi shule ikafungwa. Pale ilikuwa kicheko na kilio, kwetu huwa ni kuhema, lakini mazingira hayatofautiani sana: watoto waliobanwa, walio mbali na kwao, wanaotazamana.

Usiku matroni aliponigongea niliikuta ile mikono. Vidole vinne vimenyooka, gumba ndani. Niliitambua kabla sijaona uso wa binti. Wenzake zaidi ya ishirini walikuwa wamemzunguka, wanalia, wawili wamemkandamiza miguu, mmoja anasoma Zaburi kwa sauti ya juu. Nikawaomba wote watoke nje wakakae bwalo, nikabaki na matroni. Nikamwinua akakaa, nikalegeza vifungo, nikakaa mbele yake kama yule kijana alivyokaa mbele yangu. Sikumwambia atulie, maana hakuna aliyewahi kutulia kwa kuambiwa. Nikamwambia kinachoipata mikono yake nakijua, kimewahi kunipata mimi Madam wake, hakiui, na sasa tutapuliza. Alinitazama kwa mshangao kwanza, nadhani hakuwahi kufikiri walimu wanaugua vitu. Tukapuliza. Kidole kimoja kikalegea, kisha kingine, huku matroni akijifuta jasho na kunong'ona sala zake pembeni. Hilo sikulizuia.

Wale wa bwalo hakuanguka hata mmoja. Asubuhi mama wa yule binti alikuja na gari la kukodi, keshapangiwa na mtu wa maombezi. Nikamwambia, "Mama, aombewe, ila apitie hospitali kwanza akapimwe," akakubali. Nimeona kwamba mzazi ukimlazimisha achague kati ya daktari na Mungu atachagua Mungu, na mtoto hatapimwa.

Mdogo wangu alipatikana baadaye. Tulikaa kikao cha familia, wajomba wakapanga kila mmoja atatoa nini, na mkopeshaji akaitwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa ili hesabu iandikwe upya, ionekane. Kupumua kwa tumbo hakupunguzi riba. Nalisema kwa sababu wapo wanaofundisha pumzi kana kwamba mwenye shida ndiye mbovu na shida yake haipo. Meseji zilipokoma nililala usiku kucha kwa mara ya kwanza, na mashambulio yakapungua kuliko yalivyowahi kupungua kwa zoezi lolote.

Jina nililolipata shuleni lina hasara yake. Walimu wananijia wakiwa wameshajipima wenyewe kwamba wana wasiwasi. Mwaka jana mwalimu wa Hisabati, mtu mzima, mwenye mkopo wa nyumba na watoto wawili chuo, alinivizia nje ya stoo ya maabara. "Madam, na mimi nifundishe hiyo ya kupuliza." Alikuwa anahema usiku, hasa kuelekea alfajiri, kifua kinabana, anaamka na kukaa kitandani. Mawazo alikuwa nayo ya kutosha kuelezea yote hayo. Lakini alikuwa anakohoa pia, na vumbi la chaki lilimwamsha vibaya zaidi.

Yule kijana wa kituo cha afya hakuniuliza yale maswali kwa kujaza fomu. Pumu inahemesha. Nimonia inahemesha, malaria kali inahemesha, upungufu wa damu unahemesha, bonge la damu kwenye mapafu linahemesha ghafla, mara nyingine likiwa limetanguliwa na mguu mmoja kuvimba. Na mgonjwa wa kisukari ambaye sukari imempanda vibaya huhema kwa nguvu kwa sababu damu yake imejaa asidi na mwili unaitoa kwa njia ya hewa ukaa, kinyume kabisa cha yangu. Huyo ukimpunguzia pumzi unamnyang'anya kinga yake. Mara ya kwanza mtu apimwe. Na hata aliyezoea kama mimi, akiona maumivu ya kifua yanayokwenda mkononi au tayani, midomo inabadilika rangi, homa, au kuhema kusikokoma, aache kupuliza aende hospitali.

Nikamwambia tutapitia hospitali kwanza. Alikasirika kidogo, akaona namtafutia ugonjwa. Kibanio kilisoma 92, na daktari alipoweka kipimo mgongoni alisikia mluzi. Ni pumu, iliyomwanza ukubwani. Alipewa pampu ya kuvuta na maelekezo ya kuitumia kila siku, hata siku ambazo yuko salama, na shule ikamnunulia ubao mweupe wa kalamu. Sasa anayenifuata kwa ajili ya kupuliza huwa anasimamishwa na yeye kwanza, mlangoni pa ofisi ya walimu, aulizwe kama ameshapimwa.